Injini inayokula oili ipimwe kabla ya kung'olewa

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na wenye magari madogo ya Toyota yenye umri mkubwa, pamoja na mafundi wenzetu, kuhusu injini zinazokula oili. Siku hizi mwenye gari akifika gereji na kusema anaongeza oili kila wiki, jibu hutoka kabla boneti halijafunguliwa: "Injini imekufa, bosi, tafuta nyingine." Injini inang'olewa, ya mtumba inafungwa, na baada ya miezi michache nayo inaanza kula oili. Fedha imekwenda, tatizo limebaki. Tunasema injini isihukumiwe bila vipimo, kwa kuwa nyingi kati ya hizi zina ringi za oili (pete za pistoni zinazokwangua oili) zilizoganda kwa kaboni, na hilo linatengenezeka.

Kwanza kiasi. Hakuna injini isiyotumia oili kabisa. Vitabu vya Toyota vimeweka kikomo cha lita 1 kwa kilomita 1,000, lakini kwa maoni yetu kikomo hicho kiko juu mno. Injini ya 1NZ-FE iliyo kwenye IST nyingi hubeba lita 3.7 pamoja na filta. Kwa ulaji huo ingekauka kabla ya kilomita 4,000. Kipimo cha haki zaidi ni kile Toyota yenyewe ilichotumia Marekani kwa injini za 2AZ-FE zilizotengenezwa kati ya 2006 na 2009: gari lililokula kwoti moja ndani ya maili 1,200, yaani karibu lita moja kwa kilomita 1,900, lilihesabiwa kuwa na kasoro na kubadilishiwa pistoni na ringi. Injini hiyo tunayo huku kwenye Harrier, Alphard na Ipsum za 2.4.

Kupima ulaji ni kazi ya mwenye gari, na haihitaji fundi. Egesha mahali tambarare, zima injini, subiri dakika 10 oili ishuke, kisha jaza mpaka alama ya juu ya kijiti. Andika kilomita. Ukifika kilomita 1,000, egesha palepale na urudishe oili kwenye alama ileile kwa jagi lenye vipimo. Mililita ulizomimina ndizo zilizopotea. Atakayekuja gereji na namba hiyo atahudumiwa vizuri kuliko anayesema "inakula sana".

Kupotea si lazima kuwe kuungua. Oili nyingi huvuja gari likiwa linatembea, ikapeperushwa na upepo wa chini ya gari, hivyo pale unapolaza gari hutaona hata tone. Osha injini, endesha siku mbili, kisha mulika kwa tochi: gasketi ya tapeti kava, kava la taimingi cheni, sili ya krenki (shafti kuu ya injini) mbele na nyuma, swichi ya presha ya oili, na kwa injini ya 1ZZ-FE ile oringi ya tenshena ya cheni, ambayo hukauka na kulowesha upande mzima wa bloku. Usikimbilie ringi kabla ya kumaliza uvujaji.

Ukishajua kuwa inaungua, usome moshi, lakini uusome kwa wakati wake. Moshi wa bluu unaotoka asubuhi ukiwasha tu, kisha ukapotea ndani ya dakika moja, ni oili iliyochuruzika usiku kupitia sili za valvu. Moshi unaotoka baada ya kuteremka mlima kwa gia bila kukanyaga mafuta, mfano Kitonga au Sekenke, kisha ukakanyaga na wingu likatoka nyuma, nao mara nyingi ni sili au gaidi (mirija inayoongoza valvu) za valvu, kwa sababu mguu ukiwa umeachia, injini inavuta kwa nguvu na kufyonza oili kutoka juu. Moshi unaotoka muda wote ukipanda na mzigo ni wa ringi. Moshi mweupe mzito unaoendelea hata injini ikipata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, ni habari ya gasketi ya hedi (kichwa cha injini). Mweusi ni petroli nyingi. Kutoona moshi pia hakumaanishi kwamba oili haiungui. Masega ya mfumo wa moshi (kifaa cha kusafisha moshi) yakiwa mazima huyeyusha moshi mwingi kabla haujatoka, na hapo huwa yanaharibika yenyewe taratibu, pamoja na sensa ya oksijeni.

Kabla ya kufungua boliti yoyote kubwa, toa valvu ya PCV. Ni kipuri kidogo kinachokaa kwenye tapeti kava, chenye mpira unaokwenda kwenye intaki (njia ya hewa ya injini). Kazi yake ni kutoa gesi zinazopenya kwenye ringi na kuingia kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), ili zikaungue tena. Ikiziba, presha hujaa chini, na oili husukumwa kwenye sili na kupita ringi kwenda juu. Ikikwama wazi, intaki hufyonza oili moja kwa moja. Chomeka mpira safi upande wa injini upulize: hewa ipite kwa urahisi. Geuza upulize upande wa intaki: ipite kwa shida sana. Usivute kwa mdomo, mvuke wa humo ndani ni sumu. Ukiitilia shaka, nunua mpya, ifunge, rudia kipimo cha kilomita 1,000. Fundi anayependekeza injini nyingine bila kugusa valvu hii hajafanya kazi yake.

Sasa kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa ndani ya silinda, mahali ambapo makosa mengi hufanyika. Injini iwe na moto wa kawaida na betri iwe na nguvu. Chomoa plagi zote nne, si moja moja. Chomoa soketi za koili na za nozo ili pasiwe na cheche wala petroli. Kanyaga mafuta mpaka mwisho ili throto ifunguke, kisha piga stata mpaka mshale wa geji uache kupanda. Kwa 1NZ-FE injini nzima hufika karibu psi 213, na kikomo cha chini ni psi 156. Kwa 1ZZ-FE kikomo cha chini ni psi 145. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi psi 14 au 15. Silinda iliyo chini iongezee kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena. Mshale ukipanda sana, tatizo liko kwenye ringi au ukuta wa silinda. Usipopanda, angalia valvu au gasketi ya hedi.

Kuna jambo hapa ambalo wenzetu wengi hulisahau. Pistoni ina ringi tatu. Mbili za juu hushika kompresheni. Ya tatu, yenye vipande vitatu, ndiyo inayokwangua oili ukutani na kuirudisha kwenye sampu kupitia matundu yaliyo nyuma yake. Ringi hiyo ya tatu inaweza kuganda kabisa na geji ikaonyesha psi 200 bila wasiwasi. Fundi akiona namba nzuri anasema ringi ziko sawa, anabadilisha sili za valvu, na gari linarudi likiendelea kula oili kama mwanzo. Kompresheni nzuri pamoja na ulaji mkubwa wa oili usio na moshi wa asubuhi ni dalili ya ringi ya oili iliyoganda.

Ukiichomoa pistoni ya namna hiyo utaona wazi. Ringi mbili za juu zinacheza kwenye mifereji yake ukizigusa kwa kidole. Ya tatu imezama, haitoki nje ya ukuta wa pistoni; ukiibonyeza hairudi. Mfereji wake umejaa kaboni nyeusi ngumu inayong'aa, na matundu ya kurudishia oili yamezibwa, huoni mwanga ukiyaelekeza kwenye taa. Sketi ya pistoni ina rangi ya kahawia ya oili iliyopikwa. Hata kabla ya kufungua, nyuzi za plagi huwa zimelowa oili, na ncha imejenga ukoko mweupe unaoelekea kijivu.

Kwa 1ZZ-FE za mwanzo, zile za kabla ya 2005 zilizo kwenye Spacio, Allion, Premio za 1.8 na Wish, kasoro imetoka kiwandani: matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni ni madogo na machache, kwa hiyo oili hukaa kwenye joto, hupikika na kuziba. Matoleo ya baadaye yalipewa pistoni zilizorekebishwa. Kwa 1NZ-FE sababu kubwa ni matumizi: oili inayokaa muda mrefu kupita kiasi, safari fupi, foleni za saa nzima injini ikiwa kwenye sailensa (ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta), na kuchemsha. Oili bandia pia imo.

Ringi iliyoganda, kama silinda haijachunika, inaweza kujaribiwa kwa kuloweka kabla ya kuishusha injini. Pasha injini, izime, toa plagi. Zungusha krenki kwa spana mpaka pistoni zote nne ziwe katikati ya safari yake. Kijiti kirefu cha mbao kwenye kila tundu kitakuonyesha, kwa kuwa vijiti vyote vinne vitalingana kimo. Mimina mililita 30 hadi 50 za dawa ya kuyeyusha kaboni ya pistoni katika kila silinda. Acha usiku mzima. Asubuhi sogeza krenki kidogo mbele na nyuma, ongeza dawa, acha tena masaa kadhaa.

Sehemu ya hatari ni kuwasha. Dawa iliyobaki juu ya pistoni haibanwi kama hewa. Ukirudisha plagi na kupiga stata, konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) inapinda. Koili na nozo zikiwa zimechomolewa na plagi zikiwa nje, funika matundu kwa kitambaa, simama pembeni, piga stata sekunde chache mara kadhaa mpaka pasitoke kitu. Kisha mwaga oili yote ya sampu, maana dawa imeshuka humo na kuifanya nyepesi kama maji, weka filta mpya na oili mpya, ndipo urudishe plagi na kuwasha. Fanya hivyo nje, mbali na nyumba na moto, kwani moshi utakuwa mwingi kwa dakika 10 au zaidi. Rudia kipimo cha kilomita 1,000. Ulaji ukishuka nusu, loweka tena. Usipobadilika, jiandae kufungua. Kwa 1ZZ-FE ya pistoni za zamani, nafuu hii mara nyingi haidumu, na mteja aambiwe hivyo mapema.

Yako mambo mawili tunayoyapinga kwa nguvu zote. La kwanza ni kumwaga dizeli au mafuta ya taa kwenye sampu na kuunguruma nayo "kusafisha injini". Metali (beringi) za krenki na konrodi zinaelea juu ya utando wa oili. Ukiufanya mwepesi namna hiyo, metali zinagusana na krenki. Juu ya hapo uchafu wote hung'oka kwa mkupuo na kuziba strena (chujio) ya oili pampu. La pili ni kutia oili nzito ya 20W-50 kwenye injini iliyoundwa kwa 5W-30. Moshi utapungua kwa muda, lakini oili nzito hupita kwa shida zaidi kwenye matundu yale madogo ya pistoni, na mfumo wa VVT-i (unaobadilisha wakati wa valvu kufunguka) wenye kijichujio chembamba utaanza kuchelewa na kuwasha taa ya cheki injini. Kwa joto letu, 10W-30 au 5W-40 yenye ubora inatosha.

Ikifika hatua ya kufungua, usinunue kitu kabla ya kupima silinda. Bloku za 1NZ-FE na 1ZZ-FE ni za alumini, zenye slivu (mirija ya kuta za silinda) nyembamba za chuma ambazo hazikuundwa ili zichongwe kwenda saizi kubwa kama injini za zamani. Kama huna geji ya silinda, ringi mpya na filageji (vipande vyembamba vya kupimia nafasi) zitakupa jibu. Ingiza ringi ya juu peke yake kwenye silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawasawa, mpaka chini kabisa ambako ukuta haujachakaa. Pima gepu, yaani nafasi kati ya ncha mbili za ringi. Irudishe juu, chini kidogo ya ule ukingo wa kaboni, pima tena. Toa gepu ndogo kwenye kubwa, gawanya kwa 3.14: hiyo ndiyo tofauti ya kipenyo. Mfano, chini umepata 0.30 mm, juu 0.60 mm, tofauti ni 0.30, ukigawanya unapata karibu 0.095 mm. Ikizidi 0.10 mm, au ukucha wako ukikwama kwenye mchubuko wa wima ukutani, ringi mpya zitakuwa hasara; hapo ndipo mazungumzo ya bloku nyingine yanapoanza kihalali. Chini ya hapo, ringi za standadi zinafaa. Gepu ya kawaida ya ringi ya kwanza ni 0.25 hadi 0.35 mm, ya pili 0.35 hadi 0.50.

Mifereji ya pistoni safisha kwa kipande cha ringi ya zamani iliyovunjwa, si kwa bisibisi wala wembe, kwa sababu alumini ikikwaruzwa ringi haikai tena. Matundu yazibue kwa kipekecho cha saizi yake ukikizungusha kwa mkono. Wapo wanaotoboa matundu makubwa zaidi kwenye pistoni za 1ZZ-FE. Sisi tunashauri pistoni za toleo lililorekebishwa kama mteja anaweza kuzimudu. Ukuta wa silinda upigwe honi (usuguliwe kwa jiwe) kwa wepesi, kiasi cha kupata mistari inayokatana, kisha uoshwe kwa maji ya moto na sabuni. Petroli peke yake haitoi unga wa jiwe. Futa kwa kitambaa cheupe mpaka kitoke cheupe, paka oili papo hapo. Unga huo ukibaki, ringi mpya zitakwisha mapema sana.

Ringi za juu zina alama. Alama itazame juu. Chemchemi ya ringi ya oili, ncha zake zigusane bila kupandana. Zikipandana, umefunga injini itakayokula oili tangu siku ya kwanza. Gepu zisipangane mstari mmoja. Kifuniko cha konrodi kirudi kwenye konrodi yake na kwa upande wake. Boliti za konrodi za 1ZZ-FE hukazwa nyutoni mita 20 kisha kuzungushwa nyuzi (digrii) 90. Za 1NZ-FE 15 kisha 90. Za hedi, 1ZZ-FE ni 49 kisha 90, na 1NZ-FE ni 29, kisha 90, kisha 90 tena, kwa kuanzia katikati kwenda pembeni. Spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) ni lazima. Kwa 2AZ-FE chunguza pia nyuzi za bloku ambamo boliti za hedi huingia, hasa matoleo ya kabla ya 2007, kwani huchomoka wakati wa kukaza; zikilegea ziwekewe nyuzi za chuma kwanza.

Hedi ikiwa nje, badilisha sili zote 16 za valvu. Za intaki huwa za kijivu na za ekzosti nyeusi, usizichanganye. Toa sampu, osha strena. Silikoni ya kava la taimingi ipakwe mstari mwembamba, kwani inayozidi huminyika ndani na kuishia kwenye strena hiyohiyo.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, chomoa nozo na koili upige stata mpaka taa ya presha ya oili izimike. Ikishawaka, usiiache kwenye sailensa muda mrefu, maana ringi hukaa kwa mzigo. Endesha ukiongeza na kupunguza mwendo, bila kuisukuma mpaka mwisho, na ubadilishe oili na filta kwa kilomita 1,000.

Kwa anayeamua kununua injini ya mtumba hata hivyo, aombe kompresheni ipimwe mbele yake, plagi zote zitolewe azione nyuzi zake, kifuniko cha oili kifunguliwe amulike kama kuna ukoko mweusi, na ikiwezekana sampu ishushwe. Ajue pia kuwa 1ZZ-FE ya mwaka 2002 kutoka Japani ina pistoni zilezile za ile anayoing'oa, na kwamba namba ya injini iliyo kwenye kadi ya gari itabidi irekebishwe Mamlaka ya Mapato (TRA).

Kwa wenzetu wa gereji tunaomba mteja apewe karatasi yenye namba: ulaji kwa kilomita 1,000, kompresheni ya silinda zote nne ikiwa kavu na ikiwa na oili, na hali ya valvu ya PCV. Na injini ikifunguliwa, akabidhiwe ringi zake za zamani pamoja na pistoni moja aione kabla haijasafishwa.

Mafundi wa injini za petroli,
Dar es Salaam